Je, mwanangu wa miaka 3 yuko tayari kuanza shule ya awali?

«Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 3 na miezi 2. Shule ya awali iliyo karibu nasi inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi kama tunampeleka muhula ujao, ambao unaanza baada ya wiki 5, au tunasubiri mwaka mmoja. Mume wangu anasema aende, maana mtoto wa wifi yangu anayelingana naye ameshaanza na tayari anahesabu mpaka ishirini. Mama mkwe anasema huyu bado mchanga, tutamharibu. Mimi nimebaki katikati. Nyumbani mtoto anaongea kutwa nzima, mpaka majina ya magari anayajua, lakini mgeni akiingia anajificha nyuma yangu na hatoi neno. Pampasi za mchana ameacha, ila akinogewa na mchezo hujikojolea, labda mara mbili kwa wiki. Mchana bado analala. Mwezi uliopita nilimwachia mama yangu mdogo kwa muda wa saa tatu hivi nikaenda kliniki. Alilia, akachukua kandambili zangu akakaa nazo mlangoni, baadaye mama mdogo akambembeleza akaenda kucheza na maji. Niliporudi akalia tena, zaidi ya alivyolia nilipoondoka. Jambo la mwisho: nina ujauzito wa miezi 7. Nitajuaje kama yuko tayari? Na nikimpeleka akawa analia, nitakuwa namuumiza?»

Mama, asante kwa kuandika kwa kirefu, maana katika jambo hili jibu limo kwenye mambo madogomadogo. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungamana: kama mtoto ameiva kwa shule, kama kilio cha asubuhi kitamdhuru, na kama ni busara kumwanzisha huku mdogo wake yuko njiani. Hilo la tatu umeliweka mwishoni, lakini kwa maoni yangu ndilo litakaloamua tarehe. Na zile kandambili ulizozitaja kwa kupita tu zimenieleza mengi kuhusu mwanao kuliko hesabu yoyote ambayo angeweza kunihesabia.

Tuanze na hiyo hesabu, kwa sababu naona ndiyo inayomsukuma baba yake. Mtoto wa miaka 3 anayetaja moja mpaka ishirini anaimba. Ni jambo zuri, linaonyesha kumbukumbu nzuri na mtu mzima aliyekaa naye akaurudia wimbo huo mara nyingi. Lakini mwekee vizibo kumi vya chupa umwambie «nipe vitatu»: wengi wa umri huo watachota mkono mzima wakupe. Maana ya namba huja taratibu, moja baada ya nyingine. Kwanza mtoto anaelewa moja, miezi kadhaa baadaye anaelewa mbili, kisha tatu, na mara nyingi ni kati ya miaka 3 na nusu na 4 ndipo anapong'amua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Mwanao anayejua majina ya magari anatumia kumbukumbu ileile aliyotumia binamu yake. Hajaachwa nyuma.

Hali ni hiyohiyo kwa penseli. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, yote bado ni gegedu, na hugeuka mfupa mmojammoja kwa miaka mingi. Wa mwisho huchelewa mpaka mtoto anapokaribia miaka 10 au kuipita. Mkono wa miaka 3 unahitaji kufinyanga, kumimina, kukamua, kuchana karatasi, kubeba ndoo ndogo. Kwa hiyo mkienda kuona shule mkakuta watoto wa umri wa mwanao wamekaa wanajaza kurasa za herufi «a», msidhani ndiyo dalili ya shule makini. Mimi huona hapo watu wasiowajua watoto wadogo, na swali langu la kwanza linakuwa kama shule imeiva kwa mtoto.

Baba yake ana haki ya kuuliza kama shule ya awali inasaidia kweli. Inasaidia, ikiwa nzuri. Utafiti unaotajwa sana katika fani yetu ulianza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, na unajulikana kama Perry. Watoto 123 wa familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata shule ya awali wakiwa na miaka 3 na 4, wengine hawakupata. Waliopata walisoma asubuhi tu, saa mbili na nusu hivi kwa siku, na mwalimu aliwatembelea nyumbani kila wiki akakaa na mama. Baada ya miaka michache shuleni, ile tofauti ya alama za vipimo vya akili ilififia karibu yote. Lakini walipofuatiliwa hadi miaka 40, waliosoma walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wanapata kipato kizuri zaidi, na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Kilichodumu, basi, hakikuwa kuhesabu. Ilikuwa ni kuzoea kujaribu, kuvumilia, kuelewana na wengine na kumwamini mtu mzima asiye wa nyumbani. Huo ulikuwa utafiti mdogo, wa watoto waliokuwa katika dhiki, na walimu wake walikuwa hodari, kwa hiyo sitakuahidi kwamba shule yoyote italeta matunda hayo. Ila unatueleza kitu gani cha kutafuta, na kwamba asubuhi fupi inatosha.

Mama mkwe naye ana hoja ambayo isidharauliwe. Katika darasa moja, mtoto mdogo kabisa anaweza kuwa amezidiwa miezi 11 na mkubwa kabisa. Kwa mwenye miaka 30 hilo si kitu. Kwa mwenye miaka 3 ni karibu theluthi ya uhai wake. Uliza darasa atakaloingia lina watoto wa umri gani. Akiwa ndiye wa mwisho kwa umri, kila mara ataonekana mzito, hata kama yuko sawa kabisa kwa miezi yake. Ninapotofautiana na bibi yake ni pale anaposema mtaharibu mtoto. Mtoto wa miaka 3 anayepokewa vizuri kwa saa chache, akarudi kwa mama aliyemuaga waziwazi, haharibiki.

Sasa tuje kwenye kandambili. Ili tuelewe alichofanya mwanao, tuone kwanza kwa nini watoto hulia wakiachwa. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto huanza kuwatofautisha watu wake na wengine, na kumkosa mtu wake kunamtisha. Hofu hiyo hupanda sana mpaka karibu mwaka na nusu, kisha hupungua kidogokidogo. Kwa wengi inakuwa imelegea wanapokaribia miaka 3, ingawa huibuka upya kukiwa na mabadiliko. Hofu hiyo ni mfumo unaofanya kazi yake, na kuiita deko ni kuikosea, kwa sababu mtoto mdogo asiye na mtu wake hana ulinzi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama na watoto wao nchini Uganda mwaka 1954 na 1955, akaona jambo ambalo baadaye lilibadilisha fani nzima: mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kumwacha akaenda mbali kuchunguza vitu, akirudi mara kwa mara kumgusa, kisha akaenda tena. Kushikamana na mama ndiko kunakompa mtoto ujasiri. Wanaosema «umemzoesha kukushika sana, ndiyo maana hawezi kwenda shule» wamelipindua jambo lenyewe.

Mwangalie basi mwanao. Uliondoka, akalia: alijua nani ameondoka. Akachukua kandambili zako akakaa nazo: alitafuta mwenyewe kitu cha kujituliza, na akachagua kitu kinachokuhusu. Mama mdogo akambembeleza, naye akakubali kubembelezwa, akaenda kucheza na maji: alifarijika kwa mtu mwingine akaweza kucheza ukiwa haupo. Uliporudi akalia zaidi. Hapo wengi hudhani mtoto aliteseka muda wote. Mara nyingi mtoto huwa amejizuia, na akimwona mtu wake ndipo anapomwaga yote, kwa sababu sasa kuna mahali salama pa kuyamwaga. Kama alikujia, akakushika, na baada ya dakika kadhaa akatulia, basi umeona mtoto mwenye afya ya moyo.

Ndiyo maana swali ninaloliweka mbele ya mengine yote si kama atalia. Ni hili: akilia, je, anaweza kufarijiwa na mtu mzima mwingine anayemjua? Mwanao ameshalijibu kwa mama yako mdogo. Kinachobaki ni kama shuleni atakuwepo mtu wa kufanya alichofanya mama mdogo. Nusu ya jibu, kwa hiyo, haimo ndani ya mtoto. Imo kwa yule atakayempokea mlangoni.

Zipo sifa nyingine ninazozitazama, lakini kwa uzito mdogo zaidi. Anaweza kueleza haja yake, kwa neno au hata kwa kuonyesha kidole? Anaweza kufuata agizo dogo la hatua mbili, kama «chukua kiatu, kakiweke pale»? Anaweza kungoja kidogo? Kwa umri wake «kidogo» ni dakika moja mbili. Simdai kugawana vitu bila ugomvi, wala kucheza na wenzake kwa mpango. Tangu mwaka 1932, Mildred Parten alipochapisha uchunguzi wake wa michezo ya watoto, tunajua kwamba wadogo hawa mara nyingi hucheza kila mmoja na lake, bega kwa bega, na mchezo wa kushirikiana hukua baadaye. Mtoto anayecheza pembeni ya mwenzake bila kusema naye yuko palepale anapopaswa kuwa.

Kuhusu kunyamaza mbele ya wageni, sioni tatizo kwa sasa. Katika utafiti wa Alexander Thomas na Stella Chess, ulioanza New York mwaka 1956, karibu asilimia 15 ya watoto walikuwa wa tabia hiyo: hujitenga kwanza, hutazama, kisha huingia taratibu. Mtoto wa namna hii ukimsukuma anarudi nyuma, na ukimwacha atazame anaingia mwenyewe. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kumshika bega mbele ya mgeni na kumwambia «msalimie, wewe vipi, huna mdomo?» Acheni hilo kabisa wiki hizi. Kinachonipa utulivu ni kwamba nyumbani anaongea. Kwa miaka 3 tunategemea sentensi za maneno matatu au zaidi, na mtu asiye wa nyumbani aelewe takriban robo tatu ya anachosema. Akiwa hapo, ukimya wake ni haya.

Kukojoa mara mbili kwa wiki akiwa mchezoni ni kawaida kwa umri huu. Kibofu kimemwambia, ila akili haikutaka kuacha mchezo, na misuli ya kubana bado haina subira ndefu. Chunguza jambo moja ambalo wazazi wengi hawalihusishi na mkojo: kama anapata choo kigumu. Utumbo uliojaa hukibana kibofu, na kutibu choo kigumu mara nyingi huondoa ajali za mkojo pia. Mvalishe suruali ya mpira kiunoni anayoweza kuishusha mwenyewe, mfundishe neno moja la kuomba choo ambalo mwalimu naye atalielewa, na mpeleke kila baada ya saa mbili bila kusubiri aseme. Mtoto mchanga akizaliwa, jiandae kwa ajali kuongezeka. Huko ni kurudi nyuma kwa muda, na kumwaibisha hukurefusha.

Usingizi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mwanao bado analala mchana, kwa hiyo siku nzima darasani itamkata usingizi katikati ya haja yake. Tena kuna hili: mwili hutoa homoni ya msongo, kortisoli, ambayo kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Wachunguzi wameona kwamba kwa watoto wengi wadogo wanaoshinda kutwa kwenye kundi kubwa, homoni hiyo hupanda mchana badala ya kushuka, hata kwa wasiolia. Hali hiyo hupungua pale ambapo walezi ni wapole na kundi ni dogo. Haina maana kwamba wanaharibika, ila wanachoka kwa namna isiyoonekana. Ndiyo sababu sishauri aanze kwa siku nzima. Asubuhi tatu kwa wiki, arudi nyumbani kulala, ndizo ningeziombea.

Sasa ujauzito. Muhula unaanza wiki 5 zijazo. Wakati huo utakuwa umebakiwa na mwezi mmoja, pengine pungufu, kabla ya kujifungua. Mtoto wa miaka 3 haunganishi mambo kwa sababu, huyaunganisha kwa ukaribu. Akianza shule wiki ileile anayokuja mdogo wake, hesabu yake itakuwa: huyu ameingia, mimi nimetolewa. Hakuna maelezo matamu yatakayomwondolea hilo haraka. Kwa hiyo naona milango miwili tu iliyo wazi. Wa kwanza ni kuanza mapema iwezekanavyo, hata wiki ijayo kwa ziara fupi, ili siku unapojifungua shule iwe imeshakuwa mazoea, na mwalimu awe mtu wake. Wa pili ni kungoja mpaka mchanga afikishe miezi 3 au 4, nyumba irudi kwenye utaratibu, ndipo aanze katikati ya mwaka. Kipindi cha wiki mbili kabla ya kujifungua mpaka wiki sita au nane baada yake, kiacheni bila mwanzo wowote mpya: si shule, si kuhamishwa chumba, si kuachishwa pampasi za usiku.

Mlango upi? Ningechagua wa kwanza kama shule inakubali uingie naye darasani siku za mwanzo na kama inakubali asubuhi chache. Ikisema wazazi huishia getini, ningechagua wa pili bila kusita. Uliza pia kama nafasi yake inaweza kuwekwa mpaka muhula wa baadaye. Watu wengi hudhani ni sasa au mwaka kesho, kumbe hawajauliza.

Kuna upande wa afya ambao sitaki ukushtukie. Miezi ya kwanza ya kundi jipya huja na mafua na vikohozi mfululizo, kwa sababu kinga ya mtoto inakutana na vimelea vipya. Kwake ni usumbufu, lakini kwa mchanga wa wiki chache ni jambo zito. Akitoka shule anawe mikono kwa sabuni na abadilishe nguo kabla hajamsogelea mdogo wake, na umzoeze kumbusu miguuni badala ya usoni. Hakikisha chanjo zake zimekamilika. Na mchanga wa chini ya miezi 3 akifikisha joto la nyuzi 38 au zaidi, hapelekwi kesho. Anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Kabla hamjatoa jibu, nenda shuleni saa ya watoto kuingia asubuhi, usiende mchana wakati kila kitu kimetulia. Simama mahali unapoona mlango. Mtoto anayelia anapokewaje? Mwalimu anainama mpaka macho yao yalingane, anamwita kwa jina, anambeba au kumshika mkono? Au anavutwa ndani huku mzazi anahimizwa aondoke haraka? Tazama mtoto aliyekaa peke yake kimya, na uhesabu moyoni muda unaopita kabla mtu mzima hajamfikia. Kwa watoto wa miaka 3, mtu mzima mmoja asiwe na zaidi ya watoto 10 hivi; wakizidi sana, hata mwalimu mwenye moyo hatafika kwa kila mmoja. Kisha muulize mwalimu mwenyewe, si mkuu wa shule, maswali mawili: «Mtoto akilia asubuhi mnafanyaje?» na «Akijikojolea mnafanyaje?» Mwalimu mzuri atakueleza hatua kwa hatua, pengine kwa mfano wa mtoto wa jana. Akikujibu «hapa watoto hawalii» au «huzoea wenyewe tu», au akasema wenzake humcheka ndipo anajifunza, shukuru na uondoke. Shule inayompa mtoto wa miaka 3 usaili wa herufi ili imkubali nayo ningeipa mgongo.

Mkiamua aanze, mwanzo uwe wa ngazi. Siku mbili tatu za kwanza ukae naye darasani saa moja, umekaa kwenye kiti kimoja, humwongozi mchezo; yeye aende na kurudi apendavyo. Siku ya nne umuage, utoke nusu saa, urudi. Kisha saa moja, kisha mpaka mapumziko, kisha asubuhi nzima. Ukimuona anamwendea mwalimu akiwa na shida, hapo ndipo pa kuongeza muda. Usimtoroke hata siku moja. Najua inavutia, maana akigeuka na wewe huonekani, kilio cha mlangoni unakikwepa. Lakini mtoto aliyetorokwa hujifunza kwamba unaweza kutoweka muda wowote, naye huanza kukulinda hata nyumbani, hata ukienda chooni. Muage kwa maneno yaleyale kila siku, kwa ufupi, umtajie tukio kwa sababu saa haielewi: «Mtacheza nje, mtaimba, halafu nitakuja.» Ukishaaga, ondoka. Kurudi mara tatu kumfuta machozi kunamwambia kwamba hata wewe huna uhakika na mahali hapo. Na uje kwa wakati ulioahidi. Wiki mbili za mwanzo, kuchelewa robo saa kunabomoa mengi.

Mpe kitu chako aende nacho. Mwanao amekuonyesha aina ya kitu. Kipande cha mtandio uliouvaa kitaingia mfukoni, na mwalimu aambiwe kisichukuliwe.

Tegemea jioni ngumu. Mtoto aliyeshinda mpole shuleni hufika nyumbani akaanguka chini kwa sababu kikombe ni cha rangi nyingine. Usimhoji «leo mmejifunza nini?» Mpe kitu cha kula, akae karibu nawe, alale. Jumatatu na siku baada ya ugonjwa zitakuwa nzito tena. Haimaanishi mmerudi sifuri.

Kilio cha kuagana kinachokoma dakika 5 mpaka 15 baada ya wewe kuondoka, kikifuatiwa na kucheza, hakimdhuru. Muombe mwalimu akuambie ukweli kuhusu hilo, na ikibidi chungulia dirishani bila yeye kukuona. Kinachonihangaisha mimi ni kilio kisichofarijika asubuhi nzima, siku baada ya siku, au kinyume chake: mtoto aliyeacha kulia lakini pia ameacha kucheza, anakaa na mkoba wake mapajani akitazama mlango. Huyo wa pili husifiwa kuwa «amezoea». Hajazoea, amekata tamaa. Kama baada ya wiki 4 mpaka 6 za mwanzo wa taratibu hali ndiyo hiyo, au usingizi na kula vimevurugika, au vitu alivyoviweza vinaporomoka kimoja baada ya kingine, mtoeni na mjaribu tena baada ya miezi kadhaa. Hatakosa kitu. Nyumbani kwa miezi hiyo atakuwa anapata yaleyale ya msingi: kusimuliwa hadithi, kuimbiwa, kupewa kazi ndogo za kweli, kucheza na mtoto mmoja au wawili anaowajua, na kuachiwa kwa mama mdogo mara kwa mara kwa muda unaoongezeka.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na hapo naomba umpeleke kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa makuzi amwone kwa macho. Asipounganisha maneno mawili matatu kwa umri huu, au watu wa nje wakiwa hawamwelewi kabisa, apimwe kwanza masikio kisha usemi. Vivyo hivyo asipoitika jina lake, asipokutazama, au asipojifanya hata siku moja kwamba kipande cha mti ni gari. Apelekwe haraka kama amepoteza maneno au uwezo aliokuwa nao, kama anaanguka ovyo kuliko wenzake, au kama anaumia akienda choo. Akishaanza shule, ukimya darasani kwa mwezi wa kwanza usikutishe; ukiendelea kupita hapo, ilhali nyumbani anaongea kama kawaida, aonwe, kwa sababu watoto wa namna hiyo husaidika zaidi wakisaidiwa mapema. Na akianza ghafla kumwogopa mtu mmoja maalumu, akiwa na alama mwilini zisizoeleweka, au akionyesha tabia za mwili ambazo mtoto wa umri wake hapaswi kuzijua, msimrudishe pale hata kesho yake mpaka ametazamwa na mmejua kilichotokea.

Nawe ujitazame. Uchovu wa mwezi wa nane unafanya kilio cha dakika kumi kionekane cha saa nzima, na baada ya kujifungua utakuwa na usingizi mchache kuliko wote nyumbani. Mkichagua mlango wa kwanza, baba yake ndiye amwanzishe na awe anampeleka kila asubuhi tangu siku ya kwanza, ili ukijifungua safari hiyo isibadilike. Watoto wengi huagana na baba kwa urahisi zaidi, na yeye atakuwa ameliona darasa kwa macho yake kabla ya kumlinganisha tena mtoto na binamu yake. Na ukienda kliniki safari hii, uliza kuhusu chanjo ya kifaduro ya wajawazito kama hujaipata. Hutolewa katika miezi ya mwisho ili kinga imfikie mchanga kabla hajazaliwa, na sasa ndio wakati wake.